Mashine Iliyokuwa na Mtu Ndani

Mume wangu Nassibu hakuwa mlevi wala mhuni, na majirani hawakuchoka kuniambia nishukuru. Nilishukuru. Ila ningependa mmoja wao aishi katika nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kimejaa masanduku ya Wazungu ya kuchezea, halafu aje tuzungumze habari ya shukrani.

Hapa Kibiti mwanamume akipata akiba hununua mbuzi. Nassibu alinunua mashine za senti. Alikuwa fundi wa cherehani na saa. Ufundi aliupata ujanani kwenye injini za mashua zilizobeba boriti za mikoko kule Delta ya Rufiji. Mashine hizo zilikuwa za mahoteli na kantini za Dar es Salaam. Zikishaharibika hunadiwa kama chuma chakavu, naye huzileta kwa lori huku amezikumbatia. Tulikuwa na kuku wa bati aliyetaga yai lenye peremende. Tulikuwa na sanduku la picha: ukizungusha mkono wake, unamwona Mzungu akianguka na baiskeli. Nimemwona yule Mzungu akianguka mara nyingi kuliko nilivyomwona mjomba wangu.

Kazi kubwa ilikuwa ya kuzizoesha mashine hizo senti zetu. Zilitengenezwa zipokee peni ya Kiingereza, na senti kumi yetu ina tundu katikati, kwa hiyo ni nyepesi. Ukiitumbukiza, mkono wa ndani hausogei. Basi Nassibu alikaa na tupa, akipunguza chuma cha upande wa pili kidogo kidogo mpaka mashine ikubali. "Imekubali," ndivyo alivyosema, kama mtu aliyeposa. Watu wa Mtawanya na Mahege wakija gulioni walipita kwetu kucheza, na kila mmoja alirudishiwa senti yake.

Mama mkwe wangu, Mwanabibi, alikaa nasi. Alikuwa Mmatumbi wa milimani. Aliteremka huku mwaka wa vita vya Maji Maji akiwa na mimba, akamzaa Nassibu njiani, huko Ruaruke. Mumewe, Miraji, alikufa kwa homa. Hivyo ndivyo alivyotuambia, kwa neno hilo moja, homa. Nassibu alipokuwa kijana alimwomba mama yake ampeleke kwenye kaburi, akajibiwa kuwa mvua imelifuta. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, hajawahi kusimama mbele ya kaburi la baba yake. Jambo hilo lilimuuma, na alikuwa halisemi.

Mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitler Nassibu alileta mashine iliyotoka kwenye kantini ya askari. Ilikuwa kabati refu lenye kioo, na nyuma ya kioo jumba la mbao lenye mlango wa mapande mawili. Mlango ulikuwa umekwama kwa kutu. Mwingine angeubandua kwa bisibisi akaona kilichomo. Nassibu hakuwahi kuilazimisha mashine. Aliingilia nyuma, gurudumu moja baada ya jingine, miezi miwili, akitia mafuta ya cherehani kwa unyoya. Chini ya jumba alikuta kijisakafu chenye bawaba kilichogoma kabisa. Akakisugua mpaka kikawa kinafunguka kwa pumzi. Aliniambia lazima kuna mcheza ngoma mle ndani, na hapo ndipo atakaporukia.

Siku ilipokubali ilikuwa siku ya gulio, baada ya alasiri. Jirani yetu Sadala alikuwepo, nami nilikuwepo, na mama mkwe alikaa mkekani akisuka ukili. Nassibu akatumbukiza senti. Kengele ikalia mara moja, mlango ukafunguka.

Ndani palikuwa na watu watatu wa bati, kila mmoja kimo cha kidole. Mmoja alishika kitabu. Mmoja alishika mkono wa chuma wa kuvuta. Wa katikati alifunikwa uso kwa kitambaa cheupe na alikuwa na kamba shingoni. Kijisakafu kikafunguka chini yake, akaanguka, akaning'inia. Mlango ukajifunga.

Sadala alicheka, maana ufundi ulikuwa mzuri kweli. Nassibu naye alikuwa bado anatabasamu.

"Huyo wamemfunga mikono nyuma," akasema mama mkwe. "Yeye walimfunga mbele."

Sadala aliacha kucheka, akakumbuka ana safari, akatuaga. Nassibu akakaa mkekani mbele ya mama yake.

"Mama, baba alikufa kwa nini?"

"Homa," akasema, akaendelea kusuka.

Tangu siku hiyo nyumba iliniogopesha, na sioni haya kusema. Niko jikoni uani, nasikia kengele inalia chumbani, mara moja tu. Nikienda sikuti mtu, ila yule kuku wa bati ananitazama. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka. Nassibu alisema ni joto, chuma hutanuka mchana. Alifungua mashine mara tatu akaikuta nzima. Lakini sikumsikia tena akipiga mluzi kazini. Akishamaliza kunawa kwa chakula alirudi kunawa tena, akisema mikono yake inanuka mafuta. Niliinusa. Haikunuka kitu.

Siku moja nilirudi mapema kutoka shambani kwa sababu ya mvua. Nikasikia kengele nikiwa mlangoni, nikaingia moja kwa moja. Mama mkwe alikuwa mbele ya kioo, senti mkononi. Aliitumbukiza, akaiokota kwenye kijisanduku cha chini, akaitumbukiza tena. Kila kijisakafu kilipokaribia kufunguka, alifumba macho.

"Mama," nikamwambia, "njoo ukae."

"Nilifumba macho siku ile, mwanangu. Wadachi walituleta sisi wake wa wanaonyongwa tutazame, mie nikafumba. Sasa nataka nimwone mara moja tu, siwezi."

Nilimkalisha mkekani. Mwili wake ulikuwa mwepesi. Nassibu aliporudi nikamweleza yote, kisha nikamwambia aichukue mashine yake akaizamishe Rufiji, la sivyo narudi kwetu. Alisikiliza amesimama. Hakulia. Uso wake tu ndio uliopungua.

"Mikono hii ndiyo iliyolainisha ile bawaba, Zamda," akasema. "Mama amekaa hapa, mimi natengeneza chombo cha kumuulia baba yangu kila siku. Siitupi. Nitaitengeneza isimuue."

Akawasha mkaa, akayeyusha madini ya risasi, akakiziba kile kijisakafu kisifunguke tena. Kesho yake akamleta mama yake mbele ya kioo, akamtilia senti kiganjani. Nilimpenda sana mume wangu saa ile. Nilidhani, kama alivyodhani yeye, kwamba tumepata dawa.

Mama mkwe akatumbukiza. Mlango ukafunguka. Mwenye mkono wa chuma akauvuta, na mtu wa katikati akabaki amesimama, uso umefunikwa. Mlango ukajifunga. Mama mkwe akaokota senti, akarudia. Mtu alisimama vilevile. Mara ya tatu akashika ukingo wa kabati kwa mikono miwili.

"Mbona mmemwacha amesimama?"

"Nimemwokoa, mama," akasema Nassibu. "Haanguki tena."

"Alisimama toka asubuhi mpaka adhuhuri, amefunikwa hivyohivyo, juani. Wanamngoja mkubwa wao afike. Kila nikifumbua macho, bado kasimama. Akawa ananiita jina, mie siitiki." Alikuwa akimwambia mwanawe, lakini alitazama kioo. "Nikamwomba Mungu wammalize. Mie mkewe, wewe uko tumboni, nikaomba afe. Wakammaliza. Ningekwambiaje hayo, Nassibu? Ningekwambiaje kama si homa?"

Mume wangu alichukua patasi, akaanza kubandua risasi aliyoimwaga jana. Ilikuwa kazi ya muda mrefu, mpaka alasiri ikapita, na mama yake alimngoja amekaa, nami nilikaa naye, nimemshika mkono. Alipomaliza alimpa senti. Hakuipokea.

"Tia wewe. Wewe ndiye mwanawe."

Akatia. Mlango ukafunguka, sakafu ikafunguka, mtu wa bati akashuka. Nilikuwa namtazama mama mkwe. Hakufumba. Alitazama mpaka mlango ulipojifunga, kisha akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Akaniomba kanga ya kujifunika.

Nassibu alikwenda kutawadha, akaenda msikitini kumwomba imamu amsalie mtu asiyekuwepo, aliyezikwa bila kuoshwa wala kusaliwa. Imamu akauliza jina la maiti, akaambiwa Miraji. Akauliza amefariki lini.

"Kwetu sisi amefariki leo," akasema Nassibu, "baada ya alasiri."