Kabila la Schmidt

Bi Mahfoudha alilelewa na Marhoon, baba wa kambo aliyemuoa mamake huko Tanga, na walipohamia Maskati akaandikishwa kuwa bintiye. Baba wa damu alimjua kwa jina moja tu, Schmidt, Mjerumani mwenye shamba la mkonge aliyechukuliwa na Waingereza Vita vya Pili vilipoanza, akamwacha mama wa watu na mimba changa.

Siri hiyo aliifungia kifuani mpaka uzeeni. Kumbe wenzake walikuwa wakiijua. Mwaka jana, msibani, Nasriya wa ukoo wa Marhoon alisema mbele ya wanawake wote, kikombe cha kahawa mkononi, "Huyu katiwa tu ukooni, si damu yetu." Hakuna aliyemkanya. Bi Mahfoudha alirudi nyumbani kwake, mtaa wa Hail, akalia mpaka macho yakamvimba.

Mjukuu wake Ghadeer alisomea Kijerumani na huwatembeza watalii wa meli mjini Mutrah, penye bandari. Bibi akamwita.

"Wewe unaonana na Wajerumani kila msimu. Nnataka unitafutie shekhe wa kina Schmidt. Mwambie kuna mtu wao huku. Nisije nikafa sina watu."

Msimcheke. Oman kila kabila lina shekhe wake, ndiye mkuu wao, na shekhe anawajua walio wake. Bi Mahfoudha hakuona kwa nini Wajerumani wawe tofauti, na Ghadeer, kwa huruma tu, hakumsahihisha. Hilo ndilo kosa la mjukuu, maskini.

Meli moja ilipotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, Ghadeer akampata mzee mmoja aitwaye Schmidt, mpole, mwenye mkongojo, akamleta nyumbani. Bibi alikuwa amevaa nguo za Idi. Akampa mkono, yeye ambaye hajapata kumshika mkono mwanamume asiye maharimu yake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa, akamkaribisha kwa halwa na kahawa. Kisha akamkodolea macho: pua, masikio, vidole. Alikuwa akijitafuta.

"Muulize, wako wangapi?"

Mgeni akajibu, Ghadeer akatafsiri, "Malaki kwa malaki, Bibi. Hakuna mji wasiokuwemo."

Uso wa bibi ukachanua. "Alhamdulillahi! Kabila kubwa namna hiyo! Na shekhe wao nani?"

Mgeni alipoulizwa hilo akaacha kutafuna. Akaeleza kirefu, kwa sauti ya chini, na Ghadeer akawa anatafuta maneno.

"Si kabila, Bibi. Ni kazi. Zamani kila kijiji kwao kilikuwa na mfua chuma wake, akiitwa Schmidt, na watoto wakarithi jina. Ndiyo maana wamejaa kila pahala. Hawana shekhe, wala hawajuani. Jirani yake pia ni Schmidt, na hawana udugu wowote."

"Na baba yangu?"

"Anauliza jina lake mwenyewe, alilopewa alipozaliwa. Na mji aliotoka. Bila ya hayo hapatikani."

Bi Mahfoudha hakuwa nayo. Mamake alimwita Bwana Schmidt mpaka siku alipokufa, na yeye hakuuliza, kwa kuona haya. Sasa hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Halwa ikabaki sahanini. Mgeni akainuka, akanyoosha mkono kuaga. Bi Mahfoudha akautazama, akauvuta wake ndani ya shela.

"Mwambie anisamehe," alisema. "Si maharimu yangu."