Fulana za Oklahoma

Mimi historia hunipandisha mori kuliko mpira. Kwa hiyo msinishangae kwamba mwaka ule, polisi wa Guangzhou wakikagua pasipoti kila kona, mimi nilikuwa duka la fulana Zhanqian Road nabishana juu ya Wahindi Wekundu.

Na pasipoti sina! Ilikuwa kwa wakala aliyekuwa akinihangaikia viza, nami natembea na fotokopi. Ujinga mtupu, najua. Polisi walitaka kitabu chenyewe, na aliyekamatwa bila hicho aliweza kurudishwa kwao moja kwa moja. Na biashara yangu ya fulana ndiyo iliyolisha nyumba yangu yote Dodoma.

Laoban, yaani bosi, ndivyo tulivyomwita yule mama mwenye duka, alinitandazia sampuli: kichwa cha mtu mwenye taji la manyoya marefu ya ndege, chini yake OKLAHOMA. Ilikuwa imetoka sana Kariakoo, na sisi tulikuwa na tabia moja: kilichotoka kinaagizwa tena, haulizi mtu maana yake.

Pembeni alikuwepo mama mmoja Mmarekani, mtu mzima, anachagua shanga. Akaitazama fulana, akasema, "Huyo si wa kwetu. Mimi natoka Oklahoma. Mimi ni Mmuskogi, kabila mojawapo la hao mnaowaita Wahindi Wekundu."

"Mama, hawa ndio wenyewe! Nimewaona kwenye filamu!"

"Wanaume wa kwetu walifunga vilemba."

"Vilemba? Kama mashehe?" Laoban mwenyewe alicheka, ingawa sidhani alielewa.

Basi nikavuta kiti. Akanieleza kwamba kwao hasa ni mashariki ya nchi yao, walikolima mahindi na kuishi katika miji yao. Serikali ikaitaka ardhi ile, wakaswagwa kwa miguu hadi magharibi, huko Oklahoma, wengi wakafia njiani. Waliambiwa nchi mpya itakuwa yao daima. Daima gani! Baadaye walowezi wakapangwa mstarini, bunduki ikalia kuanzisha mashindano, wakatoka mbio kugombea viwanja. Mwisho nchi ikafanywa jimbo.

"Lakini kila mji ulibeba makaa ya moto wake," alisema. "Waliyatunza njia nzima, wakawasha moto uleule walikofika."

Weee! Niliruka kitini. "Bibi yangu! Bibi yangu alibeba mafiga!" Maana wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa mgambo walibomoa nyumba yake, na bibi akaacha kitanda, akaacha magunia, akajitwika mawe matatu ya jikoni hadi kijiji kipya. Watu walimcheka. Mama yule hakucheka. Alinishika mikono, tukawa tunapiga kelele wote wawili, yeye ananiuliza, mimi namuuliza, hakuna anayesubiri jibu.

"Ondoa manyoya!" nikamwambia laoban. "Chora moto!"

Hapo ndipo Mkenya mmoja alipopita mlangoni mbio. "Polisi! Karao wanapanda ngazi!" Wafanyabiashara wenzangu waliokuwa dukani wakakimbilia ngazi za nyuma. Laoban akanisukuma nami niende. Lakini kiwanda kilikuwa kinasubiri mchoro mchana uleule, na ningeondoka yangechapwa manyoya. Nikashika kalamu. Jamani, furaha nayo hupofusha: nilichora kuni, nikachora ndimi za moto, hadi kivuli cha polisi kikaangukia karatasi.

Mama Mmarekani hakuulizwa kitu. Mimi nikatoa fotokopi yangu, wakanipeleka kituoni. Yule mama akanifuata, akakaa benchi moja nami, begi la shanga mapajani, mpaka wakala niliyempigia simu akaja anahema na pasipoti.

Polisi akaifungua, akanionyesha ukurasa. Viza imekataliwa. Siku kumi, niwe nimeondoka.

Nikaanza kulia, nikalia kwa sauti kama niko msibani kwetu. "Wananifukuza, mama! Kama nyinyi!"

Aliichukua pasipoti, akausoma ukurasa ule taratibu. "Nyumba yenu ya Dodoma ipo?"

"Ipo."

"Nani anaishi humo?"

"Mama yangu. Na wanangu."

Akanirudishia pasipoti. "Mimi nilikwenda mara moja kule tulikotolewa," alisema. "Nilisimama barabarani. Mwenye shamba akaja kuniuliza ninatafuta nini."

Nilifuta machozi kwa kiganja. Nikaitia pasipoti mfukoni, nikampigia mama simu Dodoma kwamba narudi nyumbani.