Posa ya Nuru Niliivunja Mimi na Katuni Zangu

Nianze kwa kusema kwamba kosa ni langu. Si la shetani, si la mtandao, si la Wajapani. Ni langu mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mwalimu wa nidhamu, mwenye shahada na miwani.

Miezi mitano jambo hili limenikaa kooni. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu.

Mimi ni mtu wa bara, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha Lamu. Nimepanga chumba cha juu kwa Bi Zuhura, mjane aliyenilisha, akaniuguza homa, akanifundisha kusema "ndia" badala ya njia. Shuleni wanafunzi wananiogopa. Nimenyang'anya simu nyingi, na picha za katuni za Kijapani nimezichana mbele ya paredi nikisema zinaoza akili.

Jamani, na jioni zangu je! Nikitoka shule natia komeo, napunguza sauti ya simu, nafungua katuni hizohizo. Ni za wasichana watano wenye kikundi cha kuimba. Wanafanya mazoezi, wanagombana, wanalia, wanapatana, kisha wanapanda jukwaani na umati unawapungia vijiti vya taa. Mpwa wangu wa Embu ndiye aliyenitia humo wakati wa likizo. Nilimwambia natazama ili nimjue adui. Kufikia kipindi cha nne nilikuwa namlilia adui.

Ualimu nao haumwachi mtu. Kila nikimaliza vipindi kadhaa nilichukua fulskepu, nikapiga mstari katikati kama ripoti ya mwisho wa muhula, mema upande huu na mapungufu upande ule. Nikaipiga picha, nikamtumia mpwa wangu, tukabishana siku mbili. Nyimbo nilizisifu bila kinyongo. Nilisema pia kwamba hadithi inajua kukufanya ujali nani atasimama katikati, hata kama una madaftari sitini ya kusahihisha. Lakini wale wanne wa pembeni wanapuuzwa, hasa wa nywele za kijani, na uchoraji unalegea vipindi vya katikati, utadhani mchoraji alikwenda kula.

Jumapili moja nilimfanyia tathmini kiongozi wao peke yake, wa nywele za pinki, na nilikuwa mkali. Majina yao yananishinda, kwa hiyo juu niliandika tu "Msichana Huyu".

Juma lilelile, Salim, mtoto wa Bi Zuhura anayeendesha boti za wageni kule Ras Kitau, alitaka kumposa Nuru wa Kipungani. Nuru nilimfundisha miaka minne. Siku hizi anafundisha chekechea kijijini kwao na kusuka mikeka. Na huku kwetu, kabla posa haijapelekwa, habari za binti huulizwa kwa watu wanaomjua. Neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake Salim aliye Pate, ambaye miguu haimruhusu kusafiri. Akaagiza kwamba mwalimu aandike, mema na mapungufu, wala asifiche kitu.

Niliandika kwa moyo wangu wote, kwenye fulskepu ileile, na mstari uleule katikati. Nikaona si adabu kutaja jina la binti wa watu kwenye karatasi itakayopita mikono mingi, nikaandika juu "Msichana Huyu". Mnaona mambo! Karatasi mbili zikalala pamoja ndani ya rejista ya darasa. Jumanne asubuhi, nikiwa nimechelewa shule, nikachomoa moja, nikaitia bahasha, nikaigandisha vizuri, ikapanda boti ya Mtangawanda kwenda Pate.

Alhamisi Bi Zuhura alipanda ngazi akiwa na bahasha yangu, imefunguliwa na kurudishwa kutoka Pate. Alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanisomea mwandiko wangu mwenyewe.

Mema yalikuwa machache: kwamba sauti yake inamtoa mtu machozi, na kwamba anaweza kuruka nyimbo sita mfululizo bila kuhema. Kisha akaingia upande wa pili. "Nywele zake hubadilika rangi bila sababu. Macho yamechukua nusu ya uso. Akiruka hukaa hewani kupita kiasi. Akilia, machozi yanarukia pembeni badala ya kuteremka. Siku moja nilimhesabu vidole sita. Wazazi wake hawajaonekana tangu mwanzo. Miaka minne sasa hajaongezeka umri hata siku moja. Watu wanaomzunguka hawana nyuso."

Aliishusha karatasi. "Mwalimu," akasema, "haya umeyaona kwa mato yako?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Sentensi moja tu ingetosha! Nilifungua mdomo niiseme, nikaiona paredi yote, na zile picha nilizochana, na wanafunzi wakishikana mabega kwa kicheko. Nikajibu, "Nimeyaona, Bi Zuhura."

Na wala sikusema uongo, ndiyo maana inaniuma. Kila neno nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, na lile la vidole nilirudisha nyuma mara tatu nihakikishe.

Akaniuliza ilikuwaje nikamsomesha kiumbe kama huyo miaka minne nisimwambie mtu. Nikasema sikutaka kumharibia jina. Ee Mola, ulimi huu!

Posa ikafa palepale. Shangazi alileta salamu kwamba jini anayeimba ni mbaya kuliko anayenyamaza. Salim alitayarishiwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, anywe siku saba, akanywa kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Bi Zuhura, kwa kushukuru kwamba nimemwokolea mwanawe, aliniletea kichwa cha samaki kila adhuhuri. Nami nilikila. Niliona haya kukila, na nilikifyonza mpaka mifupa.

Mwezi ulipita hivyo. Jumamosi moja nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha walimu nikisahihisha, nikasikia hodi. Alikuwa Nuru. Hakukaa. Alinyoosha mikono yake yote miwili juu ya madaftari yangu.

"Nihesabie, Madam," alisema. "Mwezi huu wamekuja wanawake kumi na mmoja kununua mikeka, na wote wananihesabu vidole wakijifanya wanaangalia msuko. Mmoja alimwomba mama yangu afunue uso wake, aone kama anao. Wamesema maneno yametoka kwako. Nilikukosea nini?"

Nilihesabu. Nilijua ni kumi, lakini nilihesabu kimoja kimoja, kwa sababu nilishindwa kumtazama usoni. Ncha za vidole zilikuwa zimechanwachanwa na miyaa ya kusukia. Nilipofika cha kumi nikaanza kulia, na machozi yangu yaliteremka kama ya watu wengine.

Nilimshika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura. Salim naye alikuwepo, anatengeneza injini uani, akaitwa. Nikaegemeza simu kwenye birika la kahawa, nikamwomba Bi Zuhura alete ile karatasi na miwani yake. Nilisoma mstari, nikasimamisha picha, naye akainama kukagua. Nywele za pinki, halafu za zambarau. Msichana hewani, bado hewani, bado. Vidole sita. Umati mzima wenye vijiti vya taa, na hakuna hata mmoja mwenye pua.

Tulikagua karatasi yote. Mwishowe Bi Zuhura akauliza, "Na huyu wa kijani, ndiye mwenye sauti. Mbona hawamuweki kati?"

Jamani, ndilo pungufu nililokuwa nikibishania na mpwa wangu tangu mwanzo! Nilishaanza kumweleza, kidole kwenye kioo, nikainua macho nikamwona Nuru ananitazama. Nikaondoa kidole.

Salim alipangusa grisi mikononi, akasema basi yamekwisha, ameelewa, posa itarudi Kipungani Ijumaa.

Nuru alimjibu kwa upole. "Wamekuja wanawake kumi na mmoja kunihesabu vidole. Wewe una boti, na hukuja." Kisha akamuaga Bi Zuhura kwa heshima zote, akashuka kwenda gatini. Salim alibaki na kitambaa mkononi.

Basi hayo ndiyo niliyoyalipia. Jumatatu nilisimama mbele ya paredi nikasema yote, nikavua cheo cha mwalimu wa nidhamu. Siku hizi nikipita madarasani nasikia ule wimbo wa kufungulia katuni ukipigwa mluzi. Vichwa vya samaki vimekoma. Bi Zuhura hupanda alasiri, hukaa, hutazama kipindi kizima bila kunisemesha, na kikiisha husema, "Salim hajaoa bado," akateremka.

Ile karatasi ya kweli niliikuta ndani ya rejista. Mema ya Nuru yalijaza upande wote. Upande wa pili nilikuwa nimeandika pungufu moja tu: "Hajui kuficha anachokipenda." Nilimpelekea Kipungani pamoja na barua ya kuomba radhi. Barua hakuijibu. Karatasi ilirudi, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ule mstari mmoja ameukata, akauandika upya upande wa mema.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa umejifungia, unapenda kitu kisicho na dhambi na unakionea haya, nakuomba toa hilo komeo leo. Mimi nililitoa nikiwa nimechelewa mwezi mzima, na aliyekuwa nje akigonga hakuwa mtu wa kungoja tena.