Bei ya Kunong'ona

Kitambaa kipya kina harufu ya wanga na vumbi la boksi, na mwaka ule dukani kwetu Old Kampala harufu hiyo ilichanganyika na ya maziwa ya mama. Mdogo wangu Zuhra alikuwa amezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Hospitali ilimruhusu kwa sharti: akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na akipungua uzito arudishwe wodini. Mama kidonda cha upasuaji kilikuwa hakijapona, tena alijilaumu kwamba mwili wake umemtoa mtoto kabla hajaiva. Bibi, mwenye duka, alitaka kumfunga mgongoni kama alivyotubeba sote. Sista Akello, muuguzi aliyekuja kututazama, alimkatalia kwa Kiswahili chake cha kambi za jeshi: "Hajati, mgongo hapana. Kifua. Na yeye akisahau kupumua, wewe sugua mguu yake chini." Bibi aliipokea amri ile bila kuomba punguzo, jambo ambalo sikuliona tena maishani mwake. Akamgeukia Mama: "Wewe umembeba zamu yako, mwanangu. Hii yangu. Kalale."

Basi Zuhra akaishi ndani ya gauni la Bibi, chini ya khanga, na biashara ikaendelea kwa kunong'ona. Jaribu wewe kukataa bei kwa kunong'ona; kila "hapana" inatoka kama dua. Wateja wa Kikongo, waliozoea kupigania bei kwa sauti, waliondoka na vitenge vyao bila hakika nani kashinda. Mimi, binti wa miaka tisa, nilikaa miguuni pa Bibi nikihesabu pumzi, halafu nikihesabu tena, maana hesabu ya kwanza mara nyingi ni matumaini tu.

Alasiri moja hesabu ilikatika. Bibi alikuwa ameshika ncha ya kitenge, mteja, mama mmoja, ncha nyingine. "Bibi, hapumui!" Aliachia kitambaa, akaingiza mkono chini ya khanga, akasugua unyayo mdogo kama ganda la karanga. Kimya. Akasugua tena. Ndipo Zuhra akavuta hewa, akalia kama paka aliyekanyagwa. Mteja naye alikuwa analia. "Pole, nnyabo," Bibi akamwambia, bado anahema. "Lakini bei ni ile ile."

Mtoto alinenepa. Siku hizi Zuhra anaishi Makindye na ana mapafu ya kugombana na mtaa mzima. Bibi tulishamzika.

Juzi nilikwenda kumwona binti wa jirani aliyejifungua kabla ya wakati. Wodi ina viti vya kuegemea, na mashine zinazopiga kelele mtoto akiacha kupumua. Ni bora kuliko mimi pale sakafuni, nakubali, na mimi si mtu wa kukubali upesi. Ila binti alikuwa peke yake, mtoto kifuani, macho mekundu kwa kukesha, ndugu zake wote wamo ndani ya simu. Nikaomba ruhusa kwa muuguzi, nikanawa mikono mara mbili, nikafungua vifungo vya gauni langu, nikampokea mtoto. "Shangazi, unajua kumshika?" aliniuliza, akasinzia kabla sijajibu. Nilibaki na joto lile dogo kifuani, nikitamani kuwe na mtu mmoja tu wa kumuuliza kama nimemshika sawasawa.