Siku Tulipobadilisha Mkanda Bariadi

Kila nikinusa moshi wa dizeli asubuhi na mapema, narudi uani kwetu Bariadi, ambako harufu hiyo ilichanganyika na ya magunia ya pamba na ya maziwa yaliyokuwa yakigandishwa kwenye kibuyu nyuma ya jiko. Ni ile miaka biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia hadi Zagayu na Lalago, maduka yamejaa sabuni za rangi rangi, na barabarani unapishana na magari ya mitumba kutoka Japani, yana maandishi ubavuni ambayo hakuna mtu aliyejua yanasema nini. Sisi watoto tulikuwa tumepagawa. Kila siku kilikuja kitu kipya, na kila kipya lazima tukakiguse.

Kipya cha kwetu kilikuwa pikapu nyeupe ya dizeli. Baba, jina lake Masanja, aliinunua kwa ng'ombe. Sitanii! Guku, yaani babu yetu wa Zagayu, alikubali shingo upande zizi liuzwe karibu lote, wabaki wa kukamua tu, ili Baba apate gari la kubebea pamba ya hao wanunuzi wapya. Kwa hiyo watu wa Zagayu hawakuiita gari. Ikipita walisema, "Ng'ombe wa Masanja hao," na Baba anawapigia honi kuwaitikia. Mimi nikiwa kiti cha mbele nilijiona mtu mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Basi, siku chache kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na ikagoma kuzimika. Dereva mmoja wa lori akamweleza Baba maana yake. Mbele ya injini kuna mkanda wa mpira wenye meno, mkanda wa taimingi, ndio unaoziambia vali zipande lini na zishuke lini. Huo umechoka. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni na injini imekwisha, umebaki na bati la kufugia kuku. Fundi aliyeuzoea alikuwa Mwanza. Wa pale mjini alifungua boneti, akachungulia, akafunga taratibu. "Ngosha, mwanaume mwenzangu, huu mimi siugusi," akasema, akajifuta mikono ambayo hata haikuwa imechafuka.

Baba aliagiza mkanda mpya kwa basi la Mwanza, na ulipofika tukaanza kubishana, familia nzima, kila tukikaa kula. Mayu, ndiyo mama yetu, alitaka gari lipelekwe kwa fundi. Baba akasema njia ni ndefu na mbovu, ukikatikia huko je? "Na ukikosea wewe hapa uani?" Mayu akauliza. Baba alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. "Nikikosea, tumechinja ng'ombe wote siku moja." Kisha Mayu akamkumbusha jinsi alivyowahi kufungua cherehani yake, akaifunga, na skrubu mbili zikabaki mezani. "Si bado inashona?" Baba akajitetea. Mayu alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka akasema sawa, ifunguliwe, lakini hakitoki kitu kabla yeye hajakiwekea alama kwa mkono wake mwenyewe. Niliruka juu kwa furaha. Gari letu litafunguliwa tumbo na sisi tunaona!

Nikakimbia bombani na ndoo, na kwa kiherehere changu nikatangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa, kwetu, Baba anabadilisha mkanda. Sasa nisikilizeni vizuri: sikudanganya hata neno moja. Ila siku zile, mjini kwetu, mkanda ulikuwa mmoja tu vichwani mwa watu, ule wa video. Habari zikatembea kwamba Masanja kanunua deki na ana mkanda mpya. Jumapili mchana Baba yuko chini ya boneti, watu hao wanaingia uani na vigoda, mikeka na watoto wamevalishwa nguo za kutokea. "Mwadila, mwadila," wanasalimia huku macho yanatafuta televisheni. Mama mmoja alikuja na karanga za kutafuna. Baba aliinua kichwa, uso umejaa grisi, akauliza kuna msiba gani. Mambo yalipoeleweka watu walicheka karibu kuanguka, lakini unadhani waliondoka? Walitandika mikeka kuuzunguka mdomo wa pikapu, wakakaa.

Mayu alikuwa amekwisha kuweka alama. Alitumia rangi yake ya kucha, nyekundu, chupa aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya harusi. Alipaka nukta kwenye kila puli, yale magurudumu ya meno yanayoshika mkanda, na nyingine kwenye chuma cha pembeni inapoelekea. Baba akalegeza tensheni, kile kinachoukaza mkanda, akauvuta mkanda wa zamani, ukatoka umejaa nyufa. Puli ya juu, ile inayoendesha vali, ikaruka kidogo, tak! Hakuna aliyejali. Akauvika mkanda mpya, akakaza, akachukua spana ndefu na kuanza kuizungusha injini kwa mkono, kama dereva wa lori alivyomwelekeza. Ikaenda, ikaenda, ikagoma. Gumu kabisa. Mtafuna karanga akaacha kutafuna. Baba aliishikilia ile spana na mkono wake ulikuwa unatetemeka, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, maana niliona zizi lote la guku limelala pale chini.

"Usilazimishe!" Mayu alipaza sauti. Aliinama mpaka pua ikagusa chuma. "Hii nukta haipo nilipoiweka. Imehama jino moja." Ilikuwa ile puli iliyoruka. Wakafungua upya, yeye akairudisha puli na kuishikilia kwa mikono miwili, Baba akauvika mkanda, wakakaza. Spana ikazunguka mara ya kwanza, ikazunguka tena, laini. Baba akaingia ndani, akapiga ufunguo. Iliunguruma! Jamani, vigelegele vilivyopigwa uani kwetu sijavisikia hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Baba alimbeba Mayu juu juu mbele za watu, na grisi ikabaki kwenye gauni lake la kanisani.

Siku hizi naishi Dodoma na nina gari dogo. Juzi lilifikia kubadilishwa mkanda huo huo. Nililiacha gereji, nikaenda kazini, wakanitumia ujumbe kwamba tayari, nikalipa kwa simu. Hakuna aliyetetemeka, na kwa kweli sitamani kurudia ile hofu. Lakini jioni nilimpigia Baba, ambaye sasa ni mzee, nimsimulie. Alisikiliza vizuri, akauliza kitu kimoja tu: "Walikuwepo akina nani?"

"Hakuna mtu, Baba. Hata mimi sikuwepo."

"Aa, pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."