Siku Tulipolisalia Tope

Mkiwasikia watu wa Matrah, hapa Maskati, wanacheka mie nikipita, sababu ni hii, na bora niwahadithie mwenyewe na aibu yangu kabla hamjaipata kwa wenye chumvi. Lakini kwanza bibi yangu. Alipokufa, kule Unguja, nilikuwa mdogo, nikachungulia wanamwosha (nilikatazwa, lakini ndiyo mie huyo), na walipomgeuza ubavu akashusha pumzi, haaa, kama mtu aliyechoshwa na safari. Wakubwa wakasema ni hewa tu ilobaki kifuani. Mie nilikimbia, lakini pumzi ile nikaondoka nayo, nikahama nayo mpaka Maskati, na ndiyo iloniponza.

Ilikuwa miaka ya tisini, nnaendesha lori la jokofu, kazi yangu kuku na samaki. Siku hiyo bandarini nikapakiwa mizigo ya meli ya Wazungu wa utafiti, mirefu kadiri ya mtu, imeviringwa nailoni nyeupe na kufungwa huku na huku. Otieno, karani Mkenya, akaniambia, "Mzee, hizi vitu zimetoka chini kabisa ya bahari. Peleka Rusayl, kwa ghala ya baridi. Usigeuze, usifungue, na hii alama ndiyo juu."

"Kichwani?"

"Haya, kichwani. Mimi na daktari tunamaliza forodha, tutakufuata."

Huyo daktari, mama wa Kizungu, alikuwa akiigusa mizigo mmoja mmoja kama anawaaga watu. Sikuuliza zaidi (mie husikia nusu, nusu nnajaza mwenyewe).

Sijafika mbali mashine ya baridi ikazima, na jua la kiangazi mnalijua. Nikasimama, na nyuma yangu nikasikia, haaa. Bibi. Nikafungua mlango kidogo tu, harufu ya mayai viza ikanipiga usoni, na kule gizani mmoja akashusha pumzi na mwenzake akamjibu. Nikasema basi, hawa ni watu waliozama, nao wanapelekwa ghalani kama kuku! Nikageuza lori, moja kwa moja msikitini kwetu Matrah.

Watu ndo wanatoka alasiri. Nikamweleza Maalim Khalfan, imamu wetu.

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui, maalim. Wazungu wamekataza kufungua."

"Wameoshwa?"

"Wametoka baharini."

Akanitazama sana. "Wangapi?"

"Lori zima."

Maalim akasema tuanze na mmoja; tukamteremsha, watu sita na bado tunayumba, mtu akanong'ona, "Huyu kala nini?" Tukamlaza mbele uani, safu zikapangwa. Takbira ya tatu, kimya kabisa, ndipo akapumua. Safu nzima ilisikia. Kisha kichwani nailoni ikapasuka, kifuniko kikafyatuka, kitu cheusi kikaanza kutoka polepole, kirefu, kama ulimi.

Watu walikimbia, viatu wakaviacha. Maalim peke yake alimaliza, akatoa salamu, akageuka. "Umetusalisha nini weye?"

Sijajibu, gari la Otieno likasimama. Waliliona lori wakitoka bandarini. Daktari hakunigombeza, ndilo lililoniumiza. Alipiga magoti akaziba kwa mikono yake mdomo wa bomba lililokuwa ndani ya ile nailoni, machozi yanamtoka.

"Hii tope ni kumbukumbu, mzee," Otieno akaniambia. "Imelala utando juu ya utando. Hapa peusi, kusi ilivuma kwa nguvu, bahari ikajaa uhai. Hapa peupe, dunia ilikuwa baridi, kusi ikalegea. Ndivyo wanasoma hali ya hewa ya zamani, huko kabla ya watu kuandika. Sasa umeichanganya."

"Na pumzi?"

"Hewa tu. Imefura kwa joto."

Hewa tu. Nikauliza, kwa kutaka kujifariji, "Kwa hivyo hamna maiti?"

Otieno akamfasiria. Daktari akachota tope kidogo, akanisugulia kiganjani, nikasikia chembechembe, kama mchanga laini.

"Anasema ni maganda ya viumbe wadogo sana. Waliishi juu, wakafa, wakashuka chini kama vumbi, miaka na miaka." Daktari akaongeza neno. "Anasema maiti ndio wamejaa humo, mzee."

Maalim akaikusanya kanzu yake isiguse chini. Na nyuma yetu, ndani ya lori, wengine wakaanza kupumua, mmoja baada ya mmoja.

Nikamtilia Otieno ufunguo mkononi.

"Mzee, unaenda wapi? Nani ataendesha?"

Viatu vyangu vilikuwa ng'ambo ya lile tope. Sikulivuka. Nilikwenda zangu pekupeku, lami inaniunguza, kiganja nimekikunja vilevile na tope lake ndani, na tangu siku ile, si kwenye lori wala msikitini pale, sijarudi tena.