Kidole Kilichobaki Laini

Habari za mwili nilijifunza kwenye simu, bila mwalimu, na nikishajua jambo haliniachi. Niliposoma kwamba tumbo hujitengenezea utando mpya kila mara ili asidi yake isilitafune, nilishinda nikilisikiliza langu, nikihofia limesahau.

Asubuhi ile tulikuwa tunachuma majani chai shambani kwetu, juu kidogo ya Kapkatet. Mvua ilikuwa imenyesha na vidole vyetu vilikuwa vimekunjamana. Tulipopumzika kunywa chai nikawaeleza mama na shangazi kwamba si maji yanayoijaza ngozi. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoamuru vidole vikunjamane, pengine ili vishike vizuri vitu vilivyolowa.

"Daktari wa simu ameanza," shangazi akasema.

Mama akanyoosha mkono wa kulia. "Hiki changu kimekataa amri. Kimebaki kijana."

Kidole kinachofuata gumba kilikuwa laini kabisa. Chini yake palikuwa na kovu la panga, la wakati tulipopogoa michai. Kidonda kilipona, tukakisahau.

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimesoma pia kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakikunjamani.

"Mama, hebu fumba macho."

"Unataka kuniibia mandazi?"

Akafumba. Nikakibonyeza kile kidole kwa ukucha. Nikabonyeza tena, kwa nguvu.

"Kama unafanya kitu, fanya," akasema. "Majani yanangoja."

Shangazi akaacha kutafuna. Mama akafumbua macho, akaukuta ukucha wangu ungali pale.

"Juzi sufuria iliniunguza," akasema, "nikajua kwa harufu."

Nikamwambia twende hospitalini sasa hivi. Nilitaka kuongeza kwamba mshipa huweza kuota tena, polepole, lakini sikuwa na hakika kuhusu uliokaa umekatika muda mrefu, nami siwezi kusema jambo nusu. Nikanyamaza. Hadi leo sijui kama nilimhurumia au nilijihurumia.

"Tumalize mstari huu kwanza," akasema.

Tukarudi kuchuma. Kila nilipoinua kichwa nilimkuta amesimama, anasugua kidole kwa gumba, anakitazama, anasugua tena. Katikati ya mstari akavua kikapu mgongoni, akamkabidhi shangazi.

"Nipitishe nyumbani nibadilishe viatu," akaniambia. "Na njiani usinieleze kitu."

Nikatangulia, nimeuma ulimi.